Charlie Christian: rekodi ya baa, mwanachuo na mashine yake, na gitaa lililokuwa linaaga

Ukiifungua leo ile rekodi inayoitwa Swing to Bop, kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba haina mwanzo. Hakuna utangulizi. Hakuna ule wimbo wenyewe kupigwa kwanza ili ujue mnaelekea wapi. Unaingia tu na kukuta gitaa liko katikati ya solo, kama mtu aliyechelewa kufika ukumbini akakuta shoo imeshachanganya. Nyuma kuna drams, besi, piano inayodonoa hapa na pale, na chini kabisa mkwaruzo wa santuri iliyochoka.

Usilaumu bando lako. Ndivyo ilivyorekodiwa, Mei 1941, ndani ya baa moja ya Harlem, New York, na kijana wa chuo aliyekuja na mashine yake mwenyewe. Aliyeshika gitaa alikuwa na miaka 24. Kiangazi hichohicho alilazwa hospitali, na hakurudi tena jukwaani.

Jina lake Charlie Christian. Kama hulijui usijisikie vibaya, maana hata huko Marekani wapo wengi wanaopiga gitaa la umeme kila siku bila kujua kwamba wanakula jasho lake.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1916 huko Bonham, Texas, akakulia Oklahoma City. Nyumbani kwao muziki haukuwa starehe, ulikuwa mkate. Baba yake alipoteza uwezo wa kuona, na ikabidi yeye na watoto wake wawe wanapita kwenye mitaa ya wenye uwezo wakipiga muziki ili watupiwe chochote. Charlie alipokuwa bado mdogo kushika chombo, kazi yake ilikuwa kucheza. Mwandishi Ralph Ellison, yule wa riwaya ya Invisible Man, alikulia mji huohuo na kusoma shule moja na watoto wa familia ile. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba darasani, kwenye kipindi cha ufundi, Charlie alikuwa akitengeneza magitaa kwa maboksi ya sigara. Dogo hana hela ya gitaa, basi anajichongea la kwake. Hadithi hiyo kwetu haihitaji maelezo. Nani hajaona mtoto na gitaa la galoni?

Sasa, ili uelewe kwa nini huyu jamaa alishtua watu, inabidi ujue gitaa lilikuwa na hadhi gani kwenye bendi wakati huo. Muziki uliokuwa unatamba Marekani miaka ya 1930 ni swingi, yaani jazi ya kuchezeka, muziki wa kumbi za dansi. Bendi zilikuwa kubwa, watu kumi na kitu, matarumbeta na saksafoni zimepangwa safu. Katika kelele zote hizo mpiga gitaa alikuwa amekaa pembeni anacharaza mapigo yake manne, tii tii tii tii, usiku kucha. Ukimtoa, bendi inapwaya. Ukimwacha, hakuna anayemsikia. Kupiga solo ndiyo ilikuwa ndoto kabisa, maana mbao na nyuzi peke yake zingefua dafu wapi mbele ya tarumbeta?

Umeme ndio uliovunja hiyo foleni. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lake la ES-150, na ile 150 ilikuwa bei yake ya karibu dola 150 pamoja na ampli. Christian hakuwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Walikuwepo wengine kabla yake, na mmoja wao ni Eddie Durham, mpiga gitaa na trombone, mtunzi na mpangaji wa muziki aliyewahi kufanya kazi na bendi ya Count Basie. Mwaka 1937 Durham alipita Oklahoma City, wakakutana, na kijana akamweka kitako mkubwa akimuuliza maswali ya hilo gitaa. Shika hilo jina, Durham, maana litarudi.

Alichofanya Christian ni kuacha kulipiga gitaa kama gitaa. Alikuwa anampenda mno Lester Young, mpiga saksafoni, na akawa anapiga nyuzi kama mtu anayepuliza: sentensi ndefu, noti moja baada ya nyingine, zinapinda, zinapumua, zinamalizikia mahali usipotarajia. Ampli ikampa sauti, na akili yake ikampa cha kusema.

Habari zake zikaanza kusambaa mdomo kwa mdomo. Mpiga piano Mary Lou Williams alimtaja kwa John Hammond, mtu mwenye jicho la vipaji na mdomo kwenye makampuni ya kurekodi. Hammond akaenda Oklahoma City kumsikiliza, akachanganyikiwa, na Agosti 1939 Christian akawa yuko California kwa ajili ya kujaribiwa na Benny Goodman, mpiga klarineti aliyekuwa staa wa swingi kuliko wote kwa wakati huo. Mzungu, na bendi yake kubwa ilikuwa ya Wazungu. Lakini kwenye makundi yake madogo, yale ya watu watatu au wanne, Goodman alikuwa ameshawapandisha jukwaani Weusi wawili, Teddy Wilson kwenye piano na Lionel Hampton kwenye vibrafoni. Kwa Marekani ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Kulikuwa na miji ambayo wanamuziki hao hawakuweza kulala hoteli moja na wenzao.

Kilichofuata kimesimuliwa mara nyingi na Hammond mwenyewe, na inajulikana kwamba mzee alipenda kunogesha. Majaribio ya mchana hayakwenda vizuri. Goodman hakumpa kijana muda. Jioni ile bendi ilikuwa inapiga kwenye mgahawa wa Victor Hugo, Beverly Hills. Goodman alipokwenda kula, Hammond na mpiga besi wakaipitisha ampli ya Christian mlango wa jikoni na kuipandisha jukwaani. Bosi anarudi, anakuta mgeni kakaa na gitaa lake. Akamtupia jicho Hammond, na kwa kuwa hakutaka zogo mbele ya wateja, akaita wimbo wa Rose Room, akidhani mtoto wa Oklahoma hataujua. Kumbe anaujua nje ndani. Kila Goodman alipomtupia nafasi, dogo anarudisha kitu kipya. Hammond alidai wimbo ule mmoja ulikwenda zaidi ya dakika 40.

Kuanzia hapo maisha yakageuka. Inasimuliwa kwamba alikuwa anapata dola mbili na nusu kwa usiku, akahamia kwenye dola 150 kwa wiki. Akawa kwenye kundi la Goodman la watu sita, akarekodi Flying Home, akarekodi Rose Room yenyewe, na wapiga gitaa nchi nzima wakaanza kutafuta ampli.

Lakini hebu rudi kwenye zile dakika 40 za Rose Room, maana hapo ndipo kuna kiini cha habari yote hii. Santuri ya kawaida wakati ule ilibeba kama dakika tatu kila upande. Basi. Ndani ya dakika tatu hizo apite Goodman, apite Hampton, wimbo uanze na uishe vizuri, na Christian apewe kipande chake. Akishachemka tu, muda umeisha. Waliokulia kwenye muziki wa dansi wa hapa kwetu wanaijua shida hiyo vizuri. Zile santuri ndogo za miaka ya 1960 na 1970 ziliandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, unageuza upande ndipo ukutane na magitaa yaliyochemka, wakati ukumbini bendi ileile ingeuvuta wimbo huo mpaka watu waombe maji.

Kwa hiyo studio ilituachia Christian aliyefupishwa. Zile rekodi za Goodman ni nzuri, safi, zimenyooka kama shati la pasi. Christian mzima alikuwa anapatikana sehemu nyingine, baada ya saa za kazi.

Sehemu yenyewe iliitwa Minton's Playhouse, mtaa wa 118 Magharibi huko Harlem, chini ya hoteli ya Cecil. Aliifungua Henry Minton mwaka 1938. Minton alikuwa mpiga saksafoni, na pia Mweusi wa kwanza kuwa mjumbe katika tawi la New York la chama cha wanamuziki. Hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Chama kilikuwa hakitaki wanachama wake wapige bure, na kwa haki kabisa, maana mwenye ukumbi akizoea muziki wa bure, wa kulipwa atamwita lini? Walikuwepo watu wa chama waliokuwa wanazunguka klabu hadi klabu wakinusa, na ukikutwa unapiga bila malipo ulikuwa unakula faini. Lakini nani angemsumbua Minton, mtu aliyewahi kuwa mkubwa ndani ya chama hichohicho? Pakawa ndipo mahali ambapo mwanamuziki angeweza kupiga anachotaka mpaka usiku wa manane bila kuangalia mlango.

Mwishoni mwa 1940 Minton akampa uendeshaji wa muziki Teddy Hill, aliyewahi kuwa na bendi yake mwenyewe. Hill akaunda kikosi cha nyumbani: Thelonious Monk kwenye piano, Nick Fenton kwenye besi, Joe Guy kwenye tarumbeta, na kwenye drams Kenny Clarke. Hapa kuna kituko kidogo kizuri. Huyu Clarke ndiye Hill aliyewahi kumfukuza kwenye bendi yake, kwa sababu ya namna yake ya kupiga. Badala ya kugonga mguu kwenye dramu kubwa kila pigo kama wengine, alihamishia mwendo kwenye sahani ya shaba juu, halafu mguu akauacha huru, akawa anaulipua ghafla pale anapoona panafaa. Wacheza dansi walikuwa wanapotea. Sasa bosi yuleyule akamchukua tena na kumwambia apige anavyotaka. Jumatatu, siku ambayo wanamuziki wengi walikuwa mapumziko, Hill aliandaa chakula kwa wasanii waliokuwa wanapiga kwenye ukumbi wa Apollo. Wanamuziki wakila, wanapanda jukwaani wenyewe. Mbinu ya zamani hiyo, na haijawahi kushindwa.

Christian alikuwa anamaliza shoo ya Goodman katikati ya jiji, suti ya kazi mwilini, halafu anapanda zake Harlem. Ilizoeleka kiasi kwamba alikuwa na ampli yake nyingine iliyokaa palepale klabuni, ikimsubiri. Anaingia, anachomeka, anapiga mpaka wanafunga.

Ndipo anaingia yule mwanachuo. Jerry Newman alikuwa anasoma Columbia, chuo ambacho ukitembea kwa miguu hakiko mbali na Harlem. Alikuwa Mzungu, mlevi wa jazi, na alimiliki kitu ambacho vijana wachache walikuwa nacho: mashine ya kurekodi inayobebeka. Usifikirie kinasa sauti cha mkanda. Mkanda wa sumaku ulikuwa bado haujafika mikononi mwa raia wa Marekani. Hii ilikuwa mashine inayochonga santuri hapohapo. Unaweka sahani tupu iliyopakwa laki, sindano inashuka, na kadiri muziki unavyopigwa ndivyo sindano inavyochimba mfereji. Sahani ikijaa unatoa, unaweka nyingine, na kilichopigwa katikati ya hapo kimekwenda na upepo. Ukikosea hakuna kufuta. Na kila ukiicheza sahani, unaimaliza kidogo.

Kwa hiyo Newman alikuwa anachagua. Alikuwa anajua anachokitaka, na alichokitaka kwenye usiku ule wa Mei ni Charlie Christian. Ndiyo maana rekodi inaingia tu katikati ya solo. Mwanzo wa wimbo hatutausikia milele, na bado ni heri, kwa sababu tunapata zaidi ya dakika nane. Zidisha tatu za santuri ya studio utaona tofauti.

Wimbo wenyewe ni wa mizunguko ya baa 32, kipande kimoja kinarudiwa mara mbili, kinakuja cha tofauti katikati, halafu kinarudi cha kwanza. Sikiliza Christian anavyovigawa. Kwenye vipande vya kawaida anakaa kwenye mafumbo mafupi, anarudiarudia kitu kidogo mpaka kinakuwa kama ngoma ya kwao, swingi tupu, kitu ambacho mcheza dansi yeyote angekielewa. Ukifika kile kipande cha katikati, jamaa anafungua. Sentensi zinarefuka, zinavuka mipaka ya baa, zinagusa noti ambazo swingi ilikuwa inazikwepa. Kisha anarudi chini tena kama hakijatokea kitu. Anafanya hivyo mzunguko baada ya mzunguko, na hachoki. Nyuma yake Clarke anarusha yale mabomu yake, na mara kadhaa unasikia kabisa kwamba wawili hawa wanaongea. Gitaa linaacha nafasi, mguu unajibu.

Ukiisikiliza Stompin' at the Savoy ya kipindi hichohicho, nayo ya zaidi ya dakika nane, utasikia pia Joe Guy akihangaika na tarumbeta. Wachambuzi wengi wamemponda Guy. Ni kweli kuna mahali anateleza. Ila fikiria wewe ndiye umepangiwa kupiga mara baada ya Charlie Christian, na kuna mtu anarekodi.

Watu wa historia wanaiheshimu sana rekodi hii kwa sababu ya muda wake. Muziki uliokuwa unapikwa Minton's ndio uliokuja kuitwa bibopu, ule wa kina Dizzy Gillespie na Charlie Parker, uliobadilisha jazi ikatoka kwenye kumbi za dansi ikawa muziki wa kukaa na kusikiliza. Lakini Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligoma dhidi ya makampuni ya santuri kwa sababu ya malipo, na kwa muda mrefu wanachama wake hawakuingia studio kurekodi. Bibopu ikakua kipindi hichohicho, gizani. Santuri za Newman ni kama picha chache zilizopigwa na mpita njia wakati mpiga picha rasmi hayupo.

Na Christian wa usiku ule alikuwa anaumwa. Madaktari walikuwa wamemkuta na kifua kikuu mwaka uliotangulia. Aliambiwa apunguze. Hakupunguza. Mtu wa miaka 24, pesa imeingia, jina limetoka, usiku una Minton's. Ni wangapi wangekwenda kulala? Kiangazi cha 1941 akapelekwa hospitali ya Seaview, kisiwa cha Staten Island, hapohapo New York. Wanasimulia kwamba Teddy Hill alikuwa haachi kwenda kumwona na chakula cha nyumbani. Tarehe 2 Machi 1942 akafariki, na miaka 25.

Inauma zaidi ukijua kilichotokea baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali ileile ya Seaview ndiko zilikofanyika baadhi ya tiba za majaribio za mwanzo za isoniazidi, dawa ambayo mpaka leo iko kwenye matibabu ya TB. Wagonjwa waliokuwa wamekatiwa tamaa wakaanza kunenepa na kutembea. Miaka kumi tu. Christian angekuwa hajafika hata 40.

Sasa turudi kwenye zile sahani. Newman alibaki nazo. Mwaka 1947, miaka mitano baada ya kifo, muziki wa Minton's ukatoka kwa umma kwenye lebo ya Vox, na baadaye Newman akautoa tena kupitia lebo aliyoshiriki kuianzisha, Esoteric. Kuanzia hapo umetolewa na kurudiwa nchi mbalimbali mara nyingi kiasi kwamba kuhesabu ni kazi.

Hapo ndipo pana ukakasi. Usiku ule hakuna kampuni iliyowaita wanamuziki studio. Walikuwa wanajifurahisha na kupimana ubavu, wamekaa mahali ambapo sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuna anayewafuatilia. Christian hakuwahi kuambiwa kwamba siku moja usiku wake wa mapumziko utauzwa dukani, na wakati ulipouzwa hakuwepo wa kusema ndiyo wala hapana. Kile chama cha wanamuziki, kwa ukali wake wote na faini zake, kilikuwa kinaogopa kitu hichohicho: kazi ya mtu ichukuliwe bure kisha mwingine apate.

Na bado, bila Newman kusingekuwa na kitu. Kampuni kubwa zilikuwa na pesa, mafundi, na mikataba, na hazikwenda Harlem saa nane za usiku. Alikwenda mwanachuo mwenye mapenzi na mzigo mzito begani. Wanaomtetea Newman na wanaomlaumu wote wanasikiliza santuri zilezile.

Kuna jambo jingine, na hili kidogo linachekesha kwa uchungu. Jina Swing to Bop lilibandikwa baadaye. Mei 1941 hakuna mtu pale Minton's aliyekuwa anauita muziki ule bopu. Neno hilo lilikuja kushika miaka kadhaa mbele. Ni jina la mtu anayeuza historia akiwa tayari anajua mwisho wake. Wimbo uliokuwa unapigwa unaitwa Topsy, na bendi ya Count Basie ilikuwa imeurekodi mwaka 1937. Watunzi wake ni wawili, Edgar Battle na yule mwingine aliyeombwa akumbukwe huko juu: Eddie Durham.

Yaani mkubwa aliyekaa na kijana Oklahoma City akamweleza habari za gitaa la umeme, ndiye mtunzi wa wimbo ambao kijana alikuja kuupiga kwenye rekodi yake maarufu kuliko zote. Christian bila shaka alijua anapiga wimbo wa nani. Halafu jina likabadilishwa, na msikilizaji anayesoma kwenye jalada tu hana namna ya kujua kwamba Durham yumo humo ndani. Ukipitia majukwaa ya muziki leo, wimbo bado unakaa chini ya lile jina la kubandikwa.

Kwa upande wetu, neno jazi lilifika mapema kuliko watu wanavyodhani. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930, na baadaye zikaja Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz ya Franco mwaka 1956. Muziki wao haukuwa swingi, ulielemea zaidi rumba ya Cuba, lakini ndani yake gitaa la umeme likapewa kiti cha mbele na mpiga solo akawa mfalme. Njia moja iliyolileta inajulikana: mwaka 1953 Bill Alexandre, Mbelgiji aliyekuwa mpiga gitaa wa jazi Ulaya, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, kufanya kazi ya kurekodi, akiwa na gitaa la umeme mkononi. Mpiga gitaa wa jazi wa miaka hiyo, popote alipotoka, alikuwa anatoka kwenye dunia ambayo Christian ameshapita. Usiende mbali zaidi ya hapo. Wapo wanaopenda kuchora mstari ulionyooka kutoka Minton's hadi kwenye sebene, na mstari huo haupo.

Huko Marekani heshima ilikuja polepole. Kile kinasa sauti cha nyuzi kwenye gitaa la ES-150 mafundi na wauzaji wanakiita mpaka leo kwa jina la Charlie Christian. Mwaka 1990 akaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame kama mmoja wa walioitangulia rock. Wakati huo kaburi lake kule Bonham lilikuwa bado halina jiwe lenye jina. Jiwe liliwekwa 1994.

Kama ndiyo unaanza kumsikiliza, anza na Rose Room ya Goodman, ile ya dakika chache, usikie sauti ikiwa safi. Halafu vaa spika za masikioni, weka Swing to Bop, na usiogope mikwaruzo. Ukizoea kelele za sahani utaanza kusikia ukumbi. Utasikia kwamba kuna watu, na kwamba sehemu haikuwa kubwa. Gitaa litakuwa limeshaanza.